Dola Chini ya Tabaga

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Oloo aliweka kawa la kufunikia chakula juu ya meza, akasema, "Hii ndiyo benki."

Hakuna aliyecheka. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya magari, Mbuya, jijini Kampala, chini ya kilima ambacho wanajeshi wana makao yao makuu juu yake. Oloo alikikodi pale makusudi. Alisema hakuna polisi anayekuja kumtafuta mwizi mlangoni kwa jeshi, na mpaka siku ile alikuwa hajakosea.

Walikuwa wanne. Oloo mwenyewe, Mjaluo wa Kisumu, zamani mlinzi wa duka la kubadilisha fedha katikati ya mji, hadi alipochoka kulinda vya wenzake. Vera, Mluhya wa Bungoma, aliyekuwa karani wa duka hilohilo, nyuma ya kioo. Uso wake ulikuwa wa mlokole na mikono yake haikuwa imeokoka. Jafar, dereva, mtoto wa Kampala, mwoga wa kila kitu isipokuwa mwendo kasi. Na Nasur, Mnubi wa Bombo. Bila Nasur kawa lile lisingefika mezani.

"Nyinyi Wanubi mnaiita nini?" Oloo alimwuliza.

"Tabaga."

"Tabaga." Oloo akaigeuza. Kwa juu ilikuwa imesukwa kwa rangi za kupendeza, duara ndani ya duara. Kwa chini kulikuwa na kitambaa. Akatoa kisu, akapasua mshono. "Kitambaa kinashonwa mara mbili. Katikati wanalaza dola, moja moja. Ukibonyeza husikii kitu. Mwanamke anavuka mpaka na zawadi ya msiba mkononi. Nani atapekua zawadi ya msiba?"

"Kwa nini asitume na benki?" Jafar aliuliza.

Vera alimtazama kwa huruma.

"Sikiza, maana sirudii," Oloo alisema. "Kule Juba serikali imetoa amri, dola zimebanwa. Ukienda benki, hakuna. Ukitaka kutuma nje, lete barua ya kibali. Barua hupewi. Mpakani unaruhusiwa vijisenti vya njiani. Zaidi ya hapo vinabaki kwa yule bwana wa mezani, wa forodha. Sasa mama muuza chai afanye nini na jasho lake? Anashona."

"Na wakubwa? Nao wanashona, ssebo?" Jafar aliuliza, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Wakubwa wananunua mashine," Vera alisema. "Nimewajazia karatasi kwa mkono wangu huu. Mashine ya kusaga moja, kwa bei ya mashine kumi. Dola zinatoka, mihuri imejaa karatasi nzima, mashine haifiki mpaka leo. Hakuna anayeuliza. Hiyo amri iliandikwa kwa ajili ya wenye tabaga."

Oloo akaeleza kazi. Ntinda, nyuma ya supamaketi, aliishi Hajat Sharifah, mfanyabiashara wa vitenge. Yeye ndiye aliyepokea tabaga. Siku zote zilikuja mbilimbili, lakini mama yake Hajat alikuwa amefariki, na Jumamosi ilikuwa karama, yaani hitima, ya arobaini. Wanawake wa Kinubi wangetoka Juba, Arua na Bombo, kila mmoja na tabaga yake, wazipange katika chumba kilicho kando ya jiko. Wageni wakishaondoka, Hajat angefunga mlango, apasue mishono, achukue kifungu chake kidogo na kumpa kila mtu haki yake.

"Sisi ndio watu wa mahema na masufuria," Oloo alisema. "Nasur amekwisha tupatia hiyo kazi. Wakila, wakimaliza, sheikh anaomba dua ya kufunga. Kwenye dua hakuna anayesimama, hakuna anayegeuka. Vera yuko jikoni. Anazitia tabaga kwenye masufuria makubwa, anafunika. Mimi na Jafar tunabeba masufuria yetu, tunapakia, tunaondoka. Hakuna bunduki. Hakuna kelele."

"Na baada ya hapo? Si wataita polisi?"

"Wawaambie wameibiwa nini?"

Jafar alifikiri. Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu baya.

"Jambo la mwisho," Oloo alisema, na sasa alimtazama Nasur peke yake. "Tunachukua zote. Hatuchagui, hatubagui. Tumeelewana, Mnubi?"

"Tumeelewana."

Nasur alikuwa na kinyongo chake, na alikilea kama watu wanavyolea mbuzi wa Idi. Alikuwa dereva wa malori ya Juba. Alipokusanya akiba ya miaka miwili alimwendea Hajat Sharifah, akamwomba amvushie. Hajat alikataa. "Wanaume mnapekuliwa, mwanangu," alimwambia. "Mwanamume mmoja akikamatwa na tabaga, wanawake wote wamekwisha. Sivushi cha mwanamume." Nasur akavuka na zake ndani ya soksi. Bwana wa mezani alimwomba karatasi ya benki, kisha akamwomba viatu, kisha soksi. Hakuandika chochote. Nasur alilala pale mpakani siku kadhaa akibembeleza, mpaka wakamwambia akiendelea watamfunga kwa utoroshaji wa fedha.

Mtu huwa na hasira na aliye karibu. Yule bwana wa mpakani Nasur asingemwona tena maishani; Hajat Sharifah alikuwa anamwona kila Ijumaa akishuka kwenye gari lake. Basi chuki yote ilikwenda kwa Hajat, na Nasur aliona ni haki kabisa.

IJUMAA, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Lailah, dada yake Nasur, alikuwa amefika kutoka Juba na basi la alfajiri. Nasur alimkuta uani kwa Hajat, amekaa kwenye kigoda, anamenya vitunguu na machozi yanamtoka, huku anacheka na wenzake.

"Umekonda," dada yake alisema kwa Kinubi, kabla hata ya salamu. "Unakula wapi?"

"Nakula."

"Muongo. Kaa."

Alimpakulia wali na mchuzi wa bamia, akaketi mbele yake kuhakikisha anameza. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minane. Mama yao alipofariki, Lailah ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye kisimani, dukani, kila mahali, mpaka watu wa Bombo wakadhani amezaa. Mume wake alipokufa hakumwomba mtu kitu. Alikwenda Juba kuuza chai sokoni.

"Wale watu wako wa mahema ni watu wazuri?" aliuliza. "Hajat aliniamini mimi tu. Alikuwa na watu wake wa siku zote."

"Ni watu wazuri."

"Usiniaibishe."

Kisha akainama, akashusha sauti. "Nikuambie kitu. Sirudi tena Juba. Hii ndiyo tabaga yangu ya mwisho. Humo mna mabati ya nyumba yangu ya Bombo, milango, na kisima kama Mungu akipenda. Na mna karo za watoto wa wenzangu wawili wa sokoni, Nuriat na Shamirah. Nikizifikisha kwa wenyewe, nimemaliza. Nataka nizeeke nimelala kwangu, Nasur. Nimechoka kulala nimefungia pesa kiunoni."

Alimpeleka mpaka mlango wa kile chumba, akamwonyesha kwa kidole. Tabaga zilikuwa zimeanza kupangwa ukutani, na ya Lailah aliijua bila kuambiwa. Nyekundu na kijani, na katikati nyota nyeusi. Mama yao alikuwa anasuka vilevile.

Nasur aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kusema pale pale. Angeweza kumwambia, dada, chukua tabaga yako uende nayo Bombo usiku huu. Lakini angeulizwa kwa nini, na hakuwa na jibu ambalo lingemwacha ndugu yake ampende kama alivyompenda. Akarudi kwenye sahani yake, akamaliza bamia.

JUMAMOSI, SAA MBILI ASUBUHI

Walishusha viti na masufuria. Mahema Oloo aliyakodi Nakawa kwa mtu asiyejua lolote, na hakuwa na nia ya kuyarudisha. Jafar alikuwa anatokwa jasho na jua bado halijawaka.

"Gali iko tayali," alimwambia kila aliyempita kwa lafudhi yake ya Kiganda, hata wasiouliza.

Nasur alimvuta Vera nyuma ya gari. Vera alikuwa amejifunga kitenge na kujitanda kilemba. Ungemwona ungesema amezaliwa jikoni mwa Hajat.

"Kuna tabaga moja nyekundu na kijani, ina nyota nyeusi katikati," Nasur alisema. "Iache."

"Oloo alisema zote."

"Nakuomba. Ni ya dada yangu."

Vera alimtazama kama alivyokuwa akitazama noti zamani nyuma ya kioo, mbele na nyuma.

"Moja tu?"

"Moja tu. Hakuna atakayejua."

"Sawa, Nasur. Nitaiacha."

Siku zote alimwita Mnubi kama wengine. Kusikia jina lake kulimfariji Nasur, na alikwenda kuvaa kanzu yake akiwa na moyo mwepesi, akijiambia kwamba amemnyang'anya Hajat bila kumgusa dada. Aliona amefanya hesabu ya kiume. Masikini Nasur.

SAA SABA NA NUSU MCHANA

Watu walikula wakashiba. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya mahema. Wanawake walijaa barazani na sebuleni, pamoja na Hajat Sharifah mwenyewe, mweupe kwa nguo za msiba kuanzia kichwani hadi miguuni. Sheikh alijikohoza. Alikuwa anasifika mji mzima kwa urefu wa dua zake. Akianza kuwataja wafu wa Kinubi, alianza na askari wa kwanza waliokuja na Waingereza, akashuka nao ukoo kwa ukoo, na walioleta watoto wadogo walijuta.

"Inueni mikono."

Mikono ikainuka. Nasur alikuwa amekaa ukingoni, mahali anapoona mlango wa jiko. Kabla ya kuinua mikono alibonyeza simu mfukoni, ikalia mara moja kwa Oloo, akaikata.

"Amin," watu walisema.

Sufuria la kwanza lilitoka. Oloo upande mmoja, Jafar upande mwingine, wanatembea kama watu waliobeba ukoko wa pilau. Wakalipandisha kwenye pikapu. Wakarudi.

"Amin."

La pili. Mzee mmoja karibu na Nasur alifungua jicho moja, akaona vyombo vinapakiwa, akalifumba. Nani anashughulika na waosha vyombo?

Ndipo upepo ukaja. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Naguru, jeusi, na turubai la hema likaanza kupiga. Sheikh alifungua macho akatazama juu. Nasur alimwona akitazama juu. Yule mtu ambaye hakuwahi kufupisha dua hata kwa njaa ya Ramadhani aliruka koo tatu kwa mkupuo, akaingia kwenye maneno ya kumalizia.

Vera alikuwa bado ndani. Sufuria la tatu lilikuwa bado ndani, na Oloo na Jafar ndiyo kwanza wanaingia mlangoni. Sheikh angesema Al-Fatiha, watu wangejipangusa nyuso, wangesimama, na mtu wa kwanza kwenda kwenye kile chumba angekuwa Hajat.

Nasur alisikia sauti yake kabla hajajua kwamba anasema.

"Sheikh, na baba yetu. Rajab Fadlalla, wa Bombo."

Kwa watu wale hilo halikataliwi. Mtu akimtaja maiti wake kwenye dua, haiwezekani kumwambia mvua inakuja. Sheikh aliinamisha kichwa, akainua mikono upya. Akamwombea Rajab Fadlalla nuru kaburini na wasaa. Alipomaliza, mzee wa lile jicho moja akasema, "Na mke wangu, sheikh." Na mwingine, "Na kaka yetu aliyezama." Wafu wakapanga foleni. Matone yakaanza kuanguka na hakuna aliyeinuka.

Kutoka barazani mwanamke mmoja alilia kwa kwikwi. Nasur aliijua kwikwi ile tangu utotoni. Alikaza macho kwenye mlango wa jiko.

Sufuria la tatu lilitoka. Vera alifuata nyuma akijifuta mikono kwenye kitenge, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Pikapu ikawaka. Ikatoka getini polepole, ikatoa ishara ya kukata kulia, ikaingia barabarani.

"Amin," Nasur alisema pamoja na wengine, na akajipangusa uso.

Mvua ikamwagika. Watu walikimbilia chini ya paa wakisukumana na viti, na katika vurugu hiyo alipita getini, akapanda boda, akamwambia dereva ampeleke Mbuya.

SAA TISA ALASIRI

Walipasua tabaga sakafuni. Vera alikata, Jafar alitoa, Oloo alipanga mafungu mezani. Zilikuwa dola za kila sura: za mia zilizonyooka, za kumi zilizochoka, nyingine zimefungwa kwa uzi wa cherehani, nyingine zina harufu ya mdalasini. Jafar alikuwa ameanza kuimba chinichini.

Oloo hakuimba. Alikuwa anazitazama tabaga zilizotupwa pembeni.

"Wanawake waliokuja na tabaga walikuwa thelathini na wawili," alisema. "Niliwahesabu wakiingia. Hapa naona thelathini na moja."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mnubi aliniomba niache ya dada yake," Vera alisema.

Oloo aliweka fungu chini. Nasur alijiandaa kwa kofi, au kisu. Lakini Oloo alikaa tu kwenye kiti, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsikitikia mwenzake.

"Nilikwambia zote. Ulidhani ni tamaa?"

"Ni dada yangu, Oloo. Anajenga nyumba."

"Chumba kizima kimefagiliwa. Wanawake thelathini na mmoja wanalia. Imebaki tabaga moja, imetulia ukutani. Wewe ungekuwa Hajat, ungemshika nani?"

Nasur alikuwa ameiona tabaga ile ikibaki pale, tangu jana alikuwa anaiona akilini, na kila mara aliiona ikiwa salama. Hakuwahi kumwona mtu mwingine chumbani akiitazama pamoja naye.

Akamgeukia Vera. "Wewe ulijua?"

"Nilikaa nyuma ya kioo miaka saba. Pesa ikipotea, wanaanza na yule ambaye yake haikupotea."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza." Vera hakuacha kukata. "Na muda tuliuhitaji. Wakimshika yeye, hawaji barabara ya Jinja, ya kwendea Kenya, kututafuta sisi. Usinitazame hivyo. Ni wewe uliyeniomba."

Simu ya Nasur ililia. Jina la Lailah.

"Weka sauti nje," Oloo alisema.

"Nasur." Dada yake alikuwa hapigi kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Uko wapi? Njoo. Kumeibiwa. Ni wale watu wa mahema, na wanasema mimi ndiye niliyewaleta, na tabaga yangu imebaki peke yake, sijui kwa nini imebaki. Wamenikalisha katikati. Nuriat amepigiwa simu Juba, amenitukana. Njoo uniapie. Wewe unanijua. Njoo uwaambie mimi ni mtu gani."

"Nakuja, dada."

Simu ikakatika.

"Huendi," Oloo alisema.

"Turudishe. Hata nusu. Chukueni langu lote, nipeni za wachache wao niwapelekee, niseme nimewafukuza wezi nikawapokonya."

"Wezi gani? Nyuso zetu wameshinda nazo tangu asubuhi."

Nasur aliliendea fungu la karibu. Jafar akamkinga njia, mikono mbele, anakaribia kulia. "Nasul, kaa chini, ssebo. Nakuomba. Hatutaki mambo." Nasur akamsukuma. Akaona kivuli cha Oloo kikinyanyuka pembeni, na spana ya magurudumu ikamkuta nyuma ya sikio.

Alipozinduka mvua ilikuwa imekatika na chumba kimebaki kitupu. Tabaga zilizokatwa zilikuwa zimetapakaa sakafuni, rangi zote. Simu yake ilikuwa imeondoka. Lakini juu ya meza, chini ya kipande cha bomba la maji, palikuwa na fungu lake, robo kamili, limefungwa vizuri kwa mpira. Oloo alikuwa hamdhulumu mtu wa kazi. Nasur alilitia fungu lile ndani ya kanzu, akatoka.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Alishuka Kinawataka kwa miguu, akakata Nakawa, akapanda Ntinda katikati ya magari yaliyoganda. Damu ilikuwa imekauka kwenye kola ya kanzu na watu walimpisha. Njia nzima alipanga maneno. Maneno yalikuwa mafupi na ya kweli, na aliamini ukweli ukisemwa wazi na mtu anayejitoa mwenyewe, basi watu wataupokea. Alikuwa hana kitu kingine cha kuamini.

Mahema yalikuwa bado yamesimama, yamejaa maji. Mlango ulikuwa wazi. Msibani hazuiwi mtu.

Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka sebule, wamegusana mabega. Lailah alikuwa katikati, kwenye mkeka, peke yake. Mbele yake tabaga nyekundu na kijani. Hakuna aliyekuwa amempiga. Walikuwa wamemwachia nafasi kubwa pande zote, kama mtu mwenye ugonjwa, na yeye alikuwa amekaa wima, anatazama mikono yake.

"Huyo mdogo wake," mmoja alisema.

Nasur alipiga magoti. Aliweka fungu mbele ya Hajat Sharifah.

"Ni mimi, Hajat. Wale watu niliwaleta mimi. Dada yangu hajui lolote. Wengine wamekimbia na zilizobaki, nitawataja majina, nitasema kila kitu. Yeye hajui."

Hajat alikuwa mwanamke wa umri ambao mama yao Nasur angekuwa nao kama angekuwa hai. Alilitazama fungu bila kuligusa.

"Hao watu wa mahema, nani alinipigia simu akinisihi niwachukue?"

"Yeye. Nilimtuma mimi."

"Na dua, sheikh alipotaka kufunga, nani aliirefusha?"

"Mimi, Hajat."

"Na ile tabaga, iliachwaje?"

"Nilisema iachwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni dada yangu."

Mnong'ono ulipita sebuleni, wanawake wakatikisa vichwa. Hajat alivuta pumzi ndefu. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka ambaye hatimaye amepata jawabu.

"Basi mmeelewana vizuri," alisema. "Yeye ataje watu, wewe urefushe dua, chake kisiguswe. Na sasa kwa kuwa mmoja kanaswa, unakuja na kifungu hiki umtoe mwenzako."

"Wallahi hakujua. Leteni msahafu. Nipelekeni polisi, nitaandika."

"Polisi? Ili nao wachukue kilichobaki?" Hajat aliinama, akainua mkasi wa kushonea. "Sisi hatuna polisi, mwanangu. Hatuna benki, hatuna barua, hatuna muhuri. Tulikuwa na hili tu, kwamba mwanamke akikabidhiwa, anafikisha. Ndicho tulichokuwa nacho. Hilo leo limekwisha, na hakuna atakayempa mwenzake tabaga tena."

Aliipasua ya Lailah. Walitoa zote, wakachanganya na fungu la Nasur, wakaanza kugawana, kidogo kidogo, kila mmoja asipate hata nusu ya kilichokuwa chake. Mabati yalikwenda, na milango, na kisima, na karo za watoto wa Nuriat na Shamirah. Hakuna aliyepaza sauti. Mwanamke mmoja alikuwa tayari kwenye simu, anaongea na Arua, analitaja jina la Lailah binti Rajab na la baba yake, polepole, ili wa upande wa pili asikosee. Kesho jina lingekuwa Juba, keshokutwa kila jiko la Bombo.

Nasur alitambaa kwa magoti mpaka kwenye mkeka. "Dada, nitawatafuta. Nitakwenda mpaka Kisumu."

Lailah alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Ulipomwombea baba nililia," alisema. "Niliwaambia hawa hapa, mdogo wangu amekuwa mtu mzima."

"Sikutaka uumie. Ndiyo maana nilisema waiache yako."

Alinyoosha mkono, akagusa ile damu kwenye kola, kama alivyokuwa akimgusa zamani alipoanguka. Kisha akaurudisha mkono, akaufuta kwenye nguo yake.

"Ungechukua na yangu, Nasur," alisema. "Leo ningekuwa nalia na wenzangu."